Chumvi ya Uvinza: Historia ya Mgodi na Ubishi wa Warithi Wake

Mtu atokaye Kigoma mjini kwa mashua kwenda kaskazini hupita mbele ya milima ya Gombe, akaendelea kufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika mpaka afike Kagunga, kijiji cha mwisho cha Tanzania kabla ya mpaka wa Burundi. Hapo mlima umeyakaribia maji, na watu wameachiwa ukanda mwembamba tu wa kujengea nyumba, kuanikia dagaa na kufanyia soko. Kwa miaka mingi njia kuu ya kijiji hicho imekuwa ziwa lenyewe. Kila kisichoota mlimani wala kuvuliwa majini huja kwa chombo: nguo, sabuni, mafuta ya taa, na chumvi. Katika bidhaa hizo zote chumvi ndiyo duni kwa bei, lakini ndiyo kongwe kwa safari. Kabla ya mafuta ya taa kujulikana katika nchi hizo, na kabla ya nguo za amerikani kuvaliwa Ujiji, chumvi ilikuwa imekwisha kulivuka ziwa hilo na kupanda milima ya Burundi, kwa sababu samaki alihitaji kuhifadhiwa na mboga ilihitaji kukolezwa hata pale ambapo hakukuwa na fedha wala dukani pa kununua.

Chumvi hiyo ilitoka Uvinza, mahali ambapo mto Ruchugi huingia katika Malagarasi, mwendo wa siku chache kwa miguu mashariki ya Ujiji. Uvinza ni mgodi ulioanza kazi kabla ya dola lolote linalojulikana kwa jina katika nchi hiyo, nao umebadili wenyewe mara nyingi. Watawala wa Kivinza, kampuni ya Kijerumani, kampuni ya wakati wa Waingereza, shirika la umma, na tena mikono ya watu binafsi: kila mmoja kwa zamu yake aliikuta kazi iliyokwisha kufanywa na mwingine, akaamua iendelezwe kwa namna mpya. Kwa hiyo historia ya Uvinza ni historia ya swali moja lililorudiwa mara nyingi. Mgodi ukiachwa na mwenyewe wa kwanza, ni nani mwenye kauli juu ya matumizi yake mapya? Swali hilo limeulizwa katika nchi nyingi juu ya migodi ya makaa ya mawe iliyofungwa, na hata katika Tanzania yenyewe limeulizwa kwa uchungu juu ya mgodi wa makaa wa Kiwira. Yafaa litazamwe kwanza hapa penye chumvi, kwa kuwa hapa limekaa muda mrefu zaidi, na majibu yake yameacha alama zinazoonekana katika ardhi.

Kwanza yapasa hali ya mahali ifahamike. Chumvi ya Uvinza haichimbwi kama jiwe. Huchotwa kama maji. Karibu na kingo za Ruchugi zipo chemchemi zitoazo maji yenye chumvi nyingi, miongoni mwake zile za Pwaga na Nyamsunga. Anayetaka chumvi hana budi kuyaondoa maji na kuibakiza chumvi, na kwa kazi hiyo ziko njia mbili tu, jua au moto. Jua halina gharama, lakini mvua za nchi ya Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na katika muda huo mito hufurika na chemchemi zenyewe huweza kufunikwa. Moto hautegemei mbingu, lakini hutaka kuni, na kuni hutaka msitu. Karibu kila ubishi uliotokea juu ya mgodi huo, ujapovaa mavazi ya sheria au ya siasa, kiini chake ni hesabu hii ya jua na moto, na mtu atakayelipa kuni.

Umri wa kazi hiyo ulidhihirika mwaka 1967, wataalamu wawili wa historia ya Afrika, John Sutton na Andrew Roberts, walipochimba kwenye chemchemi hizo. Habari za uchimbaji wao zilichapishwa mwaka 1968. Chini ya majivu na vigae vya karne za karibuni walikuta vyungu vya Zama za Chuma za mwanzo, na vipimo vya mkaa vilionyesha kwamba watu walikuwa hapo yapata karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Maana yake ni kwamba chumvi ilipikwa Uvinza karibu miaka 1,500 iliyopita. Ujiji haikuwa bado bandari ya misafara, na majina ya makabila yajulikanayo leo pengine hayakuwa yametamkwa bado. Vigae hivyo havisemi mpishi alikuwa nani, wala alimlipa nani. Vinasema tu kwamba ufundi huo ulipokewa kizazi baada ya kizazi, na kwamba hakuna mwenye mgodi wa baadaye aliyekuta pori tupu, hata kama hati zake zilisema hivyo.

Katika karne ya 19 utaratibu wa mgodi ulijulikana mbali. Msimu wa kupika ulikuwa kiangazi, maji ya mito yakisha kupungua. Watu walikuja kutoka Uvinza yenyewe, Buha, Unyamwezi na pande za ziwa, wakajenga vibanda, wakachota maji ya chemchemi, wakayachemsha katika vyungu hata yakakauka, kisha wakafunga chumvi katika mitumba na kurudi makwao. Watawala wa Kivinza ndio waliokuwa na mamlaka juu ya chemchemi, nao walitwaa fungu lao katika chumvi iliyopatikana. Lakini hawakumzuia mgeni kupika. Haki ya mtawala ilikuwa ya kutoza na kuamua, ilhali haki ya kufanya kazi ilikuwa ya yeyote aliyekuja kwa amani na kutoa kilichompasa. Mvua ziliponyesha, vibanda vilihamwa na mahali pakabaki na majivu yake mpaka mwaka uliofuata.

Utaratibu huo usipambwe kupita kiasi. Watawala hao hao waliozipokea mbio za watu wa chumvi walikishika pia kivuko cha Malagarasi, na misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi ililalamika mno juu ya hongo walizotozwa. Richard Burton na John Speke walipopita mwaka 1858, wakiwa njiani kwenda Ujiji, iliwapasa kumlipa Mzogera, mtawala wa Uvinza, kabla ya kuvushwa. Na Burton aliandika habari za mashimo ya chumvi ya mto alioutaja kwa jina la Rusugi. Henry Morton Stanley alikutana na madai ya namna ile ile mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta David Livingstone. Njia iliyobeba chumvi ilibeba pembe za ndovu, ikabeba na watumwa. Kwa hiyo anayesema kwamba zamani mgodi ulikuwa wa watu wote amesema nusu ya kweli. Ulikuwa wazi kwa mikono ya watu wengi, lakini mamlaka yake yalikuwa ya wachache, na wachache hao walipigana na kupigwa vita kwa ajili ya faida ya nchi yao.

Hata hivyo jambo moja halina shaka: chumvi iliwafikia watu. Katika masoko ya ukingo wa ziwa ilibadilishwa kwa samaki, mafuta ya mawese, majembe, nguo na shanga. Ilivuka mpaka pwani ya magharibi, ikaenda kaskazini Burundi na kusini kwa watu wa Rungwa. Mvuvi wa vijiji vya kaskazini ya Ujiji hakuwa na haja ya kumjua mtawala wa Uvinza ili apate chumvi. Ilimtosha kuwa na dagaa wa kubadilishana. Uzi uliowaunganisha watu hao haukuwa wa ukoo wala wa utawala, bali wa haja ya kila siku.

Mwanzoni mwa karne ya 20 utaratibu huo ulipata pigo. Wajerumani, ambao kwa wakati huo walikuwa wameikalia nchi, waliona katika chemchemi za Ruchugi kile ambacho serikali ya kikoloni ilikitafuta kila mahali, yaani bidhaa ambayo kila mtu hana budi kuinunua. Kampuni ya Kijerumani ya biashara ya maziwa ya Afrika ya Kati ilianzisha kiwanda cha chumvi hapo, nacho kikaitwa Gottorp, jina la jumba la kitawala lililoko Schleswig, kaskazini ya Ujerumani. Jina hilo lilikuwa tangazo. Mahali palipoitwa kwa chemchemi zake sasa paliitwa kwa jumba ambalo hakuna Mvinza aliyepata kuliona. Mabeseni makubwa ya chuma yalichukua nafasi ya vyungu, na mtu aliyekuja zamani kupika chumvi yake mwenyewe sasa alikuja kufanya kazi ya ujira au kununua. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwezi wa Februari mwaka 1914, ilipita Uvinza, na chumvi ikapata mchukuzi asiyechoka. Lakini injini za reli nazo zilikula kuni. Kwa hiyo msitu wa miombo wa nchi hiyo ukawa na walaji wawili, beseni na gari moshi, na wote wawili hawakujua kiangazi wala masika.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mgodi wa zamani na kiwanda. Vyungu vya kale navyo vilichoma kuni kwa karne nyingi. Hakuna ajabu katika hilo. Lakini miti ya miombo ina tabia ya kuchipua upya kutoka mashinani ikiachwa, na msimu mfupi wa kupika uliiachia nafasi. Sheria ya kale haikuandikwa kwa ajili ya kuhifadhi misitu. Iliandikwa na mafuriko. Kiwanda kiliifuta sheria hiyo bila kuweka nyingine mahali pake. Nchi ya Kigoma haikuwa na makaa ya mawe ya kuokoa miti yake. Makaa yalikuwako ng'ambo ya ziwa, katika bonde la Lukuga upande wa Kongo. Yalikuwako Ufipa, na kusini zaidi Songwe na Ruhuhu. Lakini si Uvinza. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya kiwanda, kila gunia la chumvi lilikuwa na deni la kuni ambalo halikuandikwa katika vitabu vya hesabu.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa Wajerumani. Majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Kigoma mwishoni mwa Julai mwaka 1916, na yakabaki katika nchi hiyo mpaka mwaka 1921, ilipokabidhiwa kwa Waingereza kwa mujibu wa mapatano ya udhamini. Chini ya utawala wa Waingereza jina la Gottorp lilisahauliwa, lakini kiwanda hakikusahauliwa; kiliendelezwa na kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Nyanza Salt Mines. Haki ya mtu wa kawaida kupika chumvi yake kwenye chemchemi haikurudi. Yapasa jambo hili litiliwe mkazo, kwa kuwa katika habari za migodi husemwa mara nyingi kwamba ukoloni ulileta kazi mahali pasipokuwa na kazi. Uvinza haikuwa hivyo. Ukoloni ulikuta kazi, ukaigeuza iwe ajira. Vitu hivyo viwili havifanani, maana mwenye kazi akikosa mnunuzi hubaki na chumvi yake, lakini mwenye ajira akikosa tajiri hubaki na mikono mitupu.

Mwaka ule ule wa 1967 ambao Sutton na Roberts walifukua vyungu vya Uvinza, Tanzania ilitoa Azimio la Arusha. Azimio liliorodhesha njia kuu za uchumi zilizopaswa kumilikiwa au kuongozwa na umma, na katika orodha hiyo mna ardhi, misitu, madini na maji. Ni vigumu kupata mahali pengine katika nchi ambapo vitu hivyo vinne vimekutana katika shughuli moja kama vilivyokutana Uvinza: maji yenye madini, yanayotoka katika ardhi na kukaushwa kwa msitu. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilipoundwa mwaka 1972, mgodi wa Uvinza ukawa miongoni mwa shughuli zilizowekwa chini yake. Kwa mara ya kwanza tangu Wajerumani waje, kauli juu ya chemchemi ilirudi kwa Waafrika. Lakini haikurudi Uvinza. Ilikwenda Dar es Salaam, kwa niaba ya watu wote.

Hilo lilikuwa na haki yake. Chumvi si ya Wavinza peke yao, kama ilivyoshuhudiwa na safari zake za kale, na taifa changa lilihitaji kuitazama mali yake kwa jicho moja. Lakini mashirika ya umma yaliingia katika miaka ya dhiki. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, upungufu wa fedha za kigeni na ubovu wa reli viliviumiza viwanda vyote, na kiwanda kilicho mbali na bandari kuu kiliumia zaidi. Katika miaka ya 1990 Serikali iliamua kuuza mashirika mengi, na mgodi wa Uvinza nao ukatolewa mikononi mwa umma. Wakati huo huo ilikuja sheria nyingine yenye uzito. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilitaka chumvi yote ya kuliwa na watu itiwe madini joto, kwa sababu katika nyanda za juu na mikoa ya magharibi watu wengi waliugua rovu na watoto walizaliwa na upungufu wa akili uletwao na kukosa madini hayo. Sheria hiyo ilikuwa njema kwa afya. Lakini pia ilifanya iwe vigumu zaidi kwa mtu mwenye chungu kimoja na kuni zake kuiuza chumvi sokoni kwa halali. Kiwanda, kilichomnyima haki ya kupika kwa nguvu ya dola la kikoloni, sasa kilisimama juu yake kwa hoja ya afya, na hoja hiyo ilikuwa ya kweli.

Kutokana na historia hiyo ndefu husikika hoja tatu kila inapofikiriwa namna ya kuuendeleza mgodi wa zamani kama huu. Ya kwanza ni ya watu wa kiwanda. Wao husema kwamba mgodi ni mtambo. Ukiharibika utengenezwe, upewe mtaji na nishati mpya, nao utaleta ajira, kodi na chumvi iliyo salama. Ya pili ni ya watu wa mahali. Wao husema kwamba mgodi ni riziki. Wenyeji wapewe nafasi ya kufanya kazi yao wenyewe kwa ushirika, na faida ionekane katika zahanati na shule za Uvinza, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya yenye jina lake, iliyotengwa kutoka Wilaya ya Kigoma. Ya tatu ni ya watu wa elimu na wa hifadhi. Wao husema kwamba mgodi ni kumbukumbu. Vilima vya majivu na vigae ni kitabu ambacho kurasa zake chache tu zimesomwa, na tingatinga moja laweza kukichana kwa asubuhi moja. Hao hukumbusha pia kwamba ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi, iliyo juu ya mto, iliandikwa mwaka 2000 katika mapatano ya Ramsar, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania, na kwamba mto hauwezi kuhifadhiwa kwa kipande.

Kila hoja yafaa kupimwa kwa mfano wa mahali pengine. Hoja ya kiwanda hupimwa vizuri Kiwira, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Makaa ya mawe ya eneo hilo yalianza kuchimbwa kwa kiasi kidogo huko Ilima katika miaka ya 1950. Kisha mgodi mkubwa ukajengwa kwa msaada wa China, ukaanza kazi mwaka 1988 pamoja na mtambo wa umeme wa megawati 6. Mwaka 2005 sehemu kubwa ya hisa zake iliuzwa kwa kampuni binafsi, kwa matumaini ya mtaji na umeme mwingi zaidi. Kilichofuata ni kudorora kwa uzalishaji hata ukasimama, wafanyakazi kudai malimbikizo ya mishahara, na mjadala mkali katika Bunge, mpaka mgodi ukarudishwa Serikalini na kukabidhiwa tena STAMICO. Fundisho la Kiwira si kwamba mtu binafsi hafai au kwamba umma unafaa. Mgodi ule ulikwisha kuonja yote mawili. Fundisho ni kwamba mapatano yakifanywa bila watu wa mahali kuyajua, watu hao ndio watakaoachwa na shimo pindi mapatano yakivunjika, iwe aliyeyavunja ni nani.

Katwe, katika Uganda ya magharibi, huipima hoja ya kiwanda kwa namna ya pili, tena kwa chumvi hasa. Ziwa dogo la Katwe lilikuwa na thamani kubwa hata Kabalega wa Bunyoro akalipigania, na mwaka 1891 Frederick Lugard akajenga ngome hapo ili aishike biashara yake. Baada ya uhuru, Serikali ya Uganda iliagiza kiwanda kikubwa kutoka Ujerumani, kikajengwa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda hicho hakikudumu. Maji ya Katwe, yenye chumvi za namna nyingi zilizochanganyika, yaliyala mabomba yake, na majengo yakabaki magofu karibu na ziwa. Chini ya magofu hayo watu wameendelea kufanya kazi kwa mikono katika vidimbwi wanavyorithishana, wakisimama ndani ya maji yanayochoma ngozi. Huko ubishi wa kukifufua kiwanda umerudi mara kwa mara, na kila mara hulazimika kujibu swali la wale wenye vidimbwi: siku kiwanda kipya kitakaposhindwa kama cha kwanza, vidimbwi vitakuwa vimekwenda wapi?

Lakini Katwe huipima pia hoja ya pili. Kazi ya mikono isisifiwe na watu wasioifanya. Vidonda vya miguu na macho yaliyounguzwa na chumvi si urithi wa kuonewa fahari, na ushirika usio na vifaa ni njia tu ya kugawana taabu kwa usawa. Kibiro, kando ya Ziwa Albert, wanawake wameendesha bustani zao za chumvi kwa karne nyingi, mama akimrithisha binti, nao huonyesha kwamba kazi ndogo yaweza kudumu na kuwa na heshima ikiwa haki ya mfanyakazi juu ya kipande chake inatambuliwa na wote. Kinachoidumisha Kibiro ni haki hiyo. Ikiondolewa, udogo wa kazi hauna sifa yoyote.

Hoja ya tatu mifano yake iko mbali zaidi. Katika Poland mgodi wa chumvi wa Wieliczka, ulioanza katika karne ya 13, uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978, na uchimbaji wa biashara ukakoma mwaka 1996. Tangu hapo wageni ndio waliouendesha kwa viingilio vyao. Katika mji wa Essen, Ujerumani, mgodi wa makaa wa Zollverein ulifungwa mwaka 1986, ukaandikwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2001, na majengo yake yakageuzwa kuwa makumbusho na nyumba za sanaa. Mifano hiyo huvutia, lakini hainakiliwi kwa urahisi. Essen imezungukwa na miji yenye mamilioni ya watu wenye fedha za kutembea siku ya mapumziko. Uvinza haina hao. Tena mgodi wa makaa ukiisha umekwisha, lakini chemchemi za Ruchugi hazijaisha. Kuifanya Uvinza makumbusho matupu kungekuwa kuwaambia watu walio karibu na maji kwamba wayatazame wasiyaguse.

Basi hakuna hoja moja iliyo na haki yote. Historia ya mahali penyewe ndiyo inayoonyesha mahali pa kuzikutanisha. Kwa karne nyingi mgodi wa Uvinza ulidumu kwa mambo matatu: ulikuwa na msimu, ulikuwa na mamlaka iliyo karibu inayoweza kulaumiwa ana kwa ana, na ulimwachia afanyaye kazi sehemu ya kile alichokitoa. Jambo la kwanza lilitolewa na kiwanda cha Wajerumani. La pili lilitolewa na dola la kikoloni, na uhuru haukulirudisha kwa ukamilifu. La tatu liligeuzwa ujira. Wala haitakiwi kurudi kwenye vyungu ili mambo hayo yapatikane tena. Msimu waweza kuwekwa kwa sheria ya kuni na kwa kulitumia jua pale linapotosha. Mamlaka ya karibu yaweza kuwekwa kwa kuipa halmashauri na vijiji sauti katika mkataba kabla haujatiwa sahihi. Sehemu ya mfanyakazi yaweza kuwekwa kwa hisa au kwa ushirika unaouza chumvi iliyotiwa madini joto kwa mtambo wa pamoja. Na vilima vya majivu vyaweza kuwekewa mipaka ili kiwanda kisijengwe juu yake, maana nchi ya kujengea ni kubwa, lakini mahali penye vigae vya karne ya 5 ni pale tu.

Yaweza kuulizwa kama chumvi, bidhaa ya bei ndogo namna hiyo, inastahili mjadala mrefu kiasi hiki. Jibu lilionekana Kagunga mwezi wa Mei mwaka 2015. Machafuko ya Burundi yaliwasukuma watu kuuvuka mpaka, na katika wiki chache kijiji kile chenye ukanda mwembamba wa mchanga kilipokea wakimbizi makumi kwa maelfu, wengi kuliko wenyeji wake mara kadhaa. Meli kongwe ya Liemba, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913 na kufufuliwa kutoka chini ya maji wakati wa Waingereza, ilichukua mamia kwa kila safari kuwapeleka Kigoma, na bado ufuo haukupungua watu. Kisha kipindupindu kikaingia. Hadi kufikia tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa karibu 3,000, na waliokufa walitajwa kuwa 31, wakimbizi na wenyeji. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ni nyepesi: maji safi, sukari na chumvi, mgonjwa anywe kadiri anavyopoteza. Mamia ya watu walinusurika katika ufuo ule kwa mchanganyiko huo.

Chumvi iliyowaokoa ilikuja katika vipakiti kutoka nchi za mbali, kama iwapasavyo madawa. Lakini walionyweshwa walikuwa wazao wa watu wale wale ambao karne moja na nusu kabla yake walishuka kutoka milima ya Burundi na Buha kuitafuta chumvi kiangazi, wakaipata kwa jasho lao na kwa fungu la mtawala, wakarudi nayo makwao. Mpaka uliowekwa baadaye kati ya Kagunga na Burundi haukuwako katika safari zile. Kitu kinachohitajiwa na kila mwili, tajiri na maskini, mwenyeji na mkimbizi, hakiwezi kuamuliwa na mwenye hati peke yake, wala na mwenye ardhi peke yake. Ubishi juu ya Uvinza utaendelea, na ni vema uendelee, ilimradi wanaokata kuni na wanaokula chumvi wawe na kiti barazani unapofanywa.